Mikono kama msasa!

Jamani, hivi kuna aibu kama ya mwanaume kukushika mkono kwa mapenzi, halafu akauachia kama kashika kaa la moto? Mwenzenu ilinikuta.

Ilikuwa Jumapili jioni, Februari 2021, Coco Beach, upepo unavuma taratibu, mihogo ya kukaanga iko mbele yetu na kachumbari yake na pilipili. Nimevaa gauni la kuazima, nimejipulizia manukato ya kuazima, nywele nimetengenezwa bure na wenzangu wa saluni. Mshikaji naye kajitahidi, kapiga shati pasi mpaka mikunjo inakata. Basi akanyoosha mkono, akaushika wangu, akaanza kuupapasa. Nikaona sura inabadilika. Akaugeuza kiganja juu, akakiangalia kama mtu anayesoma mita ya Luku. Kisha akasema, "Samahani mrembo, hivi we ni fundi seremala? Mbona mkono kama msasa?"

Nilicheka. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nilicheka, nikaurudisha mkono mapajani, nikala mihogo kwa mkono mmoja tu. Limao ya ile kachumbari ilipoingia kwenye nyufa za vidole, machozi yakanitoka. Yeye akadhani ni pilipili.

Sasa ngoja nikurudishe nyuma kidogo, mpenzi msomaji. Kidato cha nne nilimaliza mwaka 2017. Matokeo yalipotoka nilikuwa na division four ya mwisho mwisho, ile ambayo ukiitaja watu wanakuuliza, "Kwa hiyo sasa utafanya nini?" Nilikaa nyumbani Manzese mwaka mzima nafagia uwanja, mpaka jirani mmoja akaniunganishia kwenye saluni moja kule Sinza. Niliambiwa nitajifunza kusuka na kuweka dawa. Lakini mgeni wa saluni anaanzia kwenye sinki. Kazi yangu ikawa kuosha vichwa.

Usidharau kuosha vichwa! Kichwa cha kuweka dawa kinapita majini mara tatu au nne: kwanza unaitoa dawa mpaka iishe, kisha shampuu, kisha shampuu tena, halafu stimingi nayo uisuuze. Ukimaliza, taulo ziko kwenye beseni zinakusubiri uzifue. Siku ya kawaida vichwa vinane, kumi. Jumamosi, au wiki ya Idi na Krismasi, vichwa ishirini na zaidi, toka saa mbili asubuhi mpaka saa tatu usiku. Nilikuwa nalipwa kwa kichwa, shilingi 500, kwa hiyo kila mteja aliyeingia nilimshangilia kimoyomoyo.

Wiki za mwanzo vidole vilikuwa vinanyauka tu kama vya bibi kizee, halafu vikikauka vinarudi. Nilikuwa navionyesha wenzangu tunacheka. Baadaye ikaanza kuwasha katikati ya vidole, na chini ya kipete changu cha fedha nilichonunua Kariakoo. Nikajikuna. Ngozi ikakauka, ikaanza kubanduka vigamba, ikawa nyeusi ya kijivu na ngumu. Halafu ikachanika. Nyufa ndogo ndogo, ukiziangalia huzioni, lakini zikipata dawa ya nywele, we acha tu! Usiku nilikuwa nalala mikono nimeinyoosha nje ya shuka, maana hata shuka ilikuwa inakwaruza.

Siku yenyewe mbaya ilikuwa Jumamosi ya Desemba 2020. Saluni imejaa, kuna watu wa harusi. Mama mmoja mtu mzima, kakaa kwenye sinki, kaegemeza shingo, mimi namwaga maji. Mara akafumbua macho akaiona mikono yangu juu ya uso wake. Akaruka!

"Huyu asiniguse! Huyu ana ukurutu, ataniambukiza kichwa kizima!"

Saluni nzima kimya. Mpaka ile draya nikaona kama imepunguza sauti. Nilisimama na povu mpaka kwenye viwiko, sijui nifute mikono au nifute machozi.

Mwenye saluni si mtu mbaya, lakini biashara ni biashara. Jioni aliniita pembeni akasema, "Mdogo wangu, nenda ukatibiwe kwanza. Kwa sasa we fagia na ukafue taulo." Msomaji, ufagio haulipwi kwa kichwa. Kipato changu kikashuka mpaka nauli ya daladala ikawa ya kuhesabu, na kodi ya chumba tunachokaa mimi na mama haijui habari za ukurutu. Halafu angalia na hekima yenyewe: nimetolewa kwenye shampuu, nimepelekwa kwenye sabuni ya unga!

Nikaanza kujitibu. Nilijua ugonjwa ni uchafu, kwa hiyo nikazidisha kunawa! Asubuhi nanawa kwa sabuni ya mche, mchana nanawa, usiku nanawa kwa maji ya moto. Nikatia jiki kidogo kwenye maji ili iue wadudu. Nikapaka limao. Nikaenda duka la dawa, nikauziwa kremu ya bomba bila kuulizwa hata swali moja. Siku tatu mkono ukatulia, nikafurahi. Nikaacha, ukarudi kwa hasira. Nikanunua bomba jingine, na jingine. Baada ya miezi miwili ngozi ikawa nyembamba, inang'aa kama karatasi ya pipi.

Mtaani nao walikuwa na majibu yao. Karogwa. Kala kitu kisichompatana. Wengine hawakusema chochote, waliniangalia tu toka juu mpaka chini, unajua mwenyewe maana yake. Nilikwenda kupima kwa siri. Majibu yakawa salama, nikamshukuru Mungu, lakini mikono ikabaki vilevile.

Ndipo yakaja yale ya Coco Beach. Jumatatu yake asubuhi nikasema liwalo na liwe, nikapanda gari kwenda kliniki ya ngozi.

Nilimkuta mtabibu mtu mzima, miwani puani. Alikuwa amesomea ngozi kule Moshi, kwenye kile kituo cha mafunzo cha KCMC kilichoanzishwa mwaka 1992, ambako watabibu kutoka nchi mbalimbali za Afrika hupelekwa kusomea magonjwa ya ngozi.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba binti. Unafanya kazi gani?"

Nilishangaa. Wote walioniangalia mikono kabla yake walitaka kujua nimekula nini au nalala na nani. Huyu aliuliza kazi. Nikamweleza ya sinki na mabeseni. Akaishika mikono yangu yote miwili bila glavu, akaigeuzageuza, akaangalia katikati ya vidole.

"Huna mdudu," akasema. "Huu hauambukizi. Umeumwa na maji."

Nikadhani ananitania. Maji! Maji ambayo tunagombania bombani Manzese, tunanunua kwa ndoo, ndiyo yaniume?

Basi akanieleza, nami nakueleza wewe kama nilivyoelewa. Ngozi yako ya juu kabisa ni kama ukuta wa matofali. Matofali ni chembe zilizokwisha kufa, na udongo unaoshikilia hayo matofali ni mafuta. Ukuta huo ndio unaozuia vya nje visiingie na maji ya mwilini yasitoke. Ukizamisha mkono majini muda mrefu, matofali yanafyonza maji na kuvimba, ukuta unalegea. Ukiongeza sabuni, mafuta yanayeyuka na kwenda na povu. Ukiutoa mkono ukakauka, matofali yanasinyaa, lakini udongo haupo tena. Ukuta unapasuka. Halafu unaurudisha majini tena. Lowa, kauka, lowa, kauka, mara hamsini kwa siku! Hata ukuta wa saruji ungeomba likizo.

Na viganja vina bahati mbaya yao: havina vile vitezi vya kutoa mafuta ambavyo viko usoni na kichwani. Kingine ni kwamba ngozi kwa asili ina uchachu kidogo, pH yake ni kama 5, wakati sabuni ya mche inafika 9 au 10. Dawa ya nywele yenye magadi makali ndiyo usiseme, inapita 12. Na kwenye shampuu nyingi kuna kemikali ya povu inayoitwa sodium lauryl sulfate. Unajua wataalamu wanaitumia kwa kazi gani? Wakitaka kuiwasha ngozi ya mtu makusudi kwa ajili ya majaribio, hiyo ndiyo wanayompaka. Sasa mimi nilikuwa najipaka toka asubuhi mpaka usiku, kwa shilingi 500!

Nikamuuliza na ile ya vidole kunyauka. Akasema hiyo si dalili ya ugonjwa. Mkono ukikaa majini dakika tano hivi, mishipa ya fahamu inaamrisha mishipa ya damu ya kwenye ncha za vidole ijikaze, ngozi inazama, makunyanzi yanatokea. Madaktari walilijua hilo tangu miaka ya 1930, walipoona kwamba kidole ambacho mshipa wake wa fahamu umekatika hakinyauki. Lakini makunyanzi ni saa: yanakuambia umekaa sana, toka.

Na sana ni kiasi gani? Akaniambia kwamba Ujerumani, kanuni za usalama kazini zinasema mtu anayekaa na mikono majini zaidi ya saa mbili kwa siku ya kazi anafanya kazi ya majimaji, na mwajiri lazima achukue hatua kuilinda ngozi yake. Saa mbili! Mimi saa mbili nilikuwa nazimaliza kabla sijanywa chai.

Akaniuliza, "Hiyo pete unavua ukiosha nywele?"

Nikasema sivui.

"Ivue. Mara nyingi unaanzia hapo. Maji na sabuni vinajificha chini ya pete, havikauki, vinakula ngozi siku nzima. Akina mama wengi wanaofua wanaacha kuvaa pete za ndoa kwa sababu hiyo."

Msomaji wangu, hapo nilinyamaza. Daktari akadhani nalilia kipete cha Kariakoo.

Ni hivi. Mama yangu anafulia watu nguo tangu sijaanza shule. Anatoka alfajiri kwenda Mikocheni, nyumba tatu kwa siku, mabeseni na karai. Pesa za mabeseni hayo ndizo zilizonilipia daftari, sare na viatu. Nilipokuwa darasa la tatu niliona mama amevua pete yake ya ndoa, kaitia kwenye kopo tupu la mafuta, kaliweka juu ya kabati. Baba wakati huo alikuwa dereva wa malori, safari za Tunduma, anarudi mara moja kwa mwezi. Mtoto wa darasa la tatu naye ana akili zake. Nikajumlisha: mama kavua pete, baba ana mwanamke Tunduma. Sikumuuliza mtu. Nilimnunia baba. Akirudi na pipi nachukua, lakini sikai tena mapajani kwake. Aliwahi kumuuliza mama, "Huyu mtoto nimemkosea nini?" Mama hakujua la kujibu. Baba alifariki mwaka 2015.

Na kuna lingine ambalo sijawahi kulisema. Kidato cha pili, siku ya wazazi shuleni, mama alikuja na kitenge chake kizuri, akanishika shavu mbele ya marafiki zangu. Mkono wake ukakwaruza, mimi nikarudi nyuma. Mwenzangu mmoja akauliza kwa sauti ndogo, "Mama yako ana nini mikononi?" Nikajibu, "Sijui." Mama alisikia. Siku nzima iliyobaki aliiweka mikono ndani ya kitenge.

Kumbe yule mama wa harusini aliyeniruka kwenye sinki, mimi nilimtangulia miaka mitano.

Jioni hiyo nilirudi nyumbani, mama anapepeta mchele. Sikujua nianzie wapi. Nikasema, "Mama, ile pete yako ya kwenye kopo, ulivua kwa nini?"

Akaniangalia. "Ilikuwa inaniunguza kidole. Kila nikifua, chini yake panachubuka. Baba yako ndiye aliyesema nivue, nikae nayo ndani. Kwa nini?"

Nikamwambia yote. Ya Tunduma, ya pipi, ya mapajani. Mama aliacha kupepeta. Alikaa kimya mpaka nikaogopa, kisha akasema, "Sasa ungeuliza, mwanangu." Hakuongeza neno. Akaendelea na mchele wake.

Ya siku ya wazazi sikuisema. Nadhani hakukuwa na haja, maana alinyoosha mkono akanifuta shavu, na safari hii sikurudi nyuma. Ulikwaruza, wangu nao unakwaruza, tukawa ngoma droo.

Sasa dawa. Daktari alinipa kremu ya kupaka kwa siku maalumu, akasisitiza siku zikiisha niache, maana zile kremu za bomba nyingi zina dawa kali ya kutuliza uvimbe, na ukizipaka ovyo kwa muda mrefu ngozi inakonda, ndiyo ile karatasi ya pipi. Lakini akasema kremu si kitu kama sitabadilisha kazi ya mikono. Mengine yote ni ya duka la mtaani. Mafuta ya mgando, yale ya kawaida yasiyo na manukato, kila ukitoka majini: jifute taratibu, hasa katikati ya vidole, kisha paka mkono ukiwa bado na unyevu kidogo. Usiku paka mengi, vaa soksi safi za pamba mikononi, lala. Utaonekana kichekesho, lakini nani anakuona?

Maji ya uvuguvugu, siyo ya moto. Limao na jiki viache jikoni na chooni. Glavu za mpira ni nzuri, lakini uvae mkono ukiwa mkavu, ukiweza vaa nyepesi za pamba ndani, maana jasho nalo ni maji. Usikae nazo siku nzima. Na ikitoboka itupe, kwani glavu yenye tundu inafungia maji na sabuni humo humo, ni ile pete tena ila kubwa zaidi. Ukiona pembeni ya kucha pamevimba na panauma, au katikati ya vidole pameoza pamekuwa peupe, hapo fangasi keshapata nafasi kwenye ngozi iliyolowa, nenda hospitali.

Na uwe na subira. Mkono utaonekana umepona kabla haujapona. Ukuta ule wa ndani unahitaji wiki nyingi kujijenga upya, na wengi wanarudi majini siku ya kumi wakidhani mambo tayari.

Mwenye saluni nilimpelekea maelezo ya daktari. Aliyasoma mara mbili, kisha akaangalia mikono yake mwenyewe. Naye alianzia kwenye sinki, miaka mingi iliyopita. Akanunua glavu, akapanga kuosha tuwe tunapokezana wasichana watatu, na mimi akaniruhusu nianze kusuka. Vichwa vyangu vya sinki vikapungua, lakini rasta zikaja kuziba pengo, na kalamu hii nayo inasaidia.

Mama ndiye mgumu. Nilimnunulia glavu nzuri za njano. Alizivaa siku moja akazivua, eti bila kuigusa nguo hawezi kujua kama imetakata. Tumekubaliana mafuta. Kila usiku baada ya kula ananipa mikono yake, nampaka, kidole kimoja kimoja, huku ananisimulia nguo za matajiri zilivyo chafu. Pete bado iko kwenye kopo. Siku za Jumapili anaivaa.

Wewe unayesoma hapa, labda mikono yako laini, hongera. Lakini aliyekufulia hilo shati ana mikono. Mama ntilie aliyekuoshea sahani, dada wa kazi nyumbani kwenu, dobi wa mtaani, muuza samaki pale Feri, nesi anayenawa baada ya kila mgonjwa. Mwaka 2020, wakati wa corona na zile ndoo za maji tiririka kila mlango, wengi wetu tulionja kidogo, tukalalamika mikono imekauka. Wenzetu hao hawaonji, wanashinda humo. Ukiiona mikono yao imechanika, usirudi nyuma. Kamnunulie kopo la mafuta ya mgando, ni bei rahisi kuliko soda zako za wiki.

Na mshikaji wa Coco Beach? Alipiga simu baada ya miezi mitatu, mikono yangu imeshalainika. Nilimwambia niko bize, nampaka mama mafuta.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.